Mwaka Tuliofagia Kijito

"Hayo siyo maji yetu," nilisema. Upawa ulikuwa bado mkononi mwangu na mchuzi wa mbuzi ulikuwa unadondokea kitambaa cheupe cha meza, kile ambacho Mama Kandida, mpishi mwenzangu, alikiazima parokiani na kuapa kwamba kitarudi kama kilivyotoka. Mgeni niliyemjibu hata hakuwa ameniuliza kitu. Alikuwa amemaliza bilauri ya pili, akafuta midomo, akamwambia jirani yake kwamba maji matamu namna ile hajayanywa tangu atoke Dodoma, kwamba watu wa huku tuna bahati, na kwamba jambo hilo lazima liingie kwenye ripoti. Alisema kwa adabu, kama mgeni yeyote anavyosifu alichokaribishwa, ndiyo maana wapo wanaosema mpaka leo kwamba aliyekosa adabu ni mimi. Tulikuwa kwenye ofisi ya kijiji: meza tatu zimeunganishwa, madawati ya shule yamezizunguka, maua ya porini kwenye chupa za soda, na ukutani ramani ya ziwa waliyoibandika wageni wenyewe. Watu wote waliacha kutafuna. Mzee Longini, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa, akaniambia taratibu bila kuniangalia, "Mama Blandina, rudi jikoni." Nikamjibu, "Nitarudi, Mzee. Lakini hayo maji nimeyabeba mimi kichwani kutoka chemchemi ya juu, ndoo nne tangu alfajiri, kwa ajili ya wageni. Yetu ni yale ya kijitoni, chini ya mtambo wa kahawa. Ndiyo anayokunywa mwanangu." Kisha nikampakulia yule bwana nyama, maana alikuwa bado ameshika sahani yake hewani, nikatoka.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mzee Longini. Tulipika kwa masufuria yaleyale, nyuma ya nyumba yake, wanawake walewale tukiwa tumenenepa kidogo. Mama Kandida, ambaye mwaka ule alikuwa ananisalimia kwa kidevu tu, alikuja na kisu na beseni la viazi akakaa ubavuni kwangu, akaanza kumenya, halafu akasema, "Marehemu alikuwa anakusimulia, unajua? Anasema, yule binti alinivua nguo mbele ya nchi tatu." Akacheka mpaka kitenge kikamlegea kiunoni. Nikacheka naye, na katikati ya kucheka nikakuta nalia, na sikuwa namlilia mzee kwa unafiki. Hapo wakapita wasichana na ndoo za maji ya kupikia waombolezaji. Waliyateka kivuko cha chini, pale kijitoni chini ya mtambo. Msimu wa kahawa ulikuwa umechanganya kweli kweli, mtambo tunausikia unanguruma, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeinua kifuniko kunusa wala kuuliza maji ya wapi. Miaka mitano nyuma ungewapikia wafiwa kwa maji ya kivuko cha chini mwezi wa saba, wangesema una lako jambo na marehemu. Nilikaa na kisu mkononi nikiziangalia zile ndoo. Sijafika hata miaka thelathini, mimi siyo bibi wa kusimulia ya zamani, lakini kuna mwaka mmoja ambao nisipouandika mimi, wataandika wengine kwamba mambo yalikwenda vizuri yenyewe.

Mwaka ule tulikuwa tunakaa vyumba viwili vya tofali za kuchoma, mteremko wa chini ya mtambo, huku vilima vya Kitura. Kabla ya mtambo kila nyumba ilikuwa inamenya kahawa yake kwa mashine ya mkono, mwenye haraka anamenya mbichi, mvivu anaianika na udongo wake. Mtambo ulipokuja tukawa tunapeleka kahawa nyekundu sehemu moja, inamenywa, inavundikwa, inaoshwa, na wanunuzi wakaanza kukitaja kijiji chetu kwa jina lake. Kwa hiyo mtu asinisingizie kwamba niliuchukia mtambo. Baba Blandina alikuwa anafanya kazi pale pale, msimu mzima, na kahawa yangu mwenyewe ilipita pale. Ila maji ya kuoshea yalikuwa yanafunguliwa moja kwa moja kwenye kijito. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa kijito kilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, povu limekaa juu, mawe yanateleza, na harufu kama pombe iliyosahaulika siku nne kwenye mtungi. Blandina alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tumbo lilikuwa haliishi, na upele ukamwanza shingoni ukateremka mgongoni. Muuguzi wa zahanati alikuwa ananiambia nichemshe maji. Nilichemsha mpaka kuni za wiki zikaisha kwa siku tatu. Ukichemsha maji yale, harufu inaingia ndani ya nyumba, inakaa kwenye mablanketi, na mtoto anasukuma kikombe kwa mkono.

Ndipo zikaanza ziara. Nilichokielewa nilikielewa nikiwa napakua, kwa hiyo nakisema kama nilivyokisikia: nchi zinazochangia ziwa zilikuwa na viwango vya pamoja vya kutunza maji na mazingira, na sasa kila nchi ilitakiwa kuzipitia sheria zake na kuzioanisha na viwango hivyo. Maofisa wa wizara na wanasheria wao walikuwa wanatembezwa milimani na ziwani wajionee kabla ya kuandika. Walizichagua njia zetu kwa sababu ya ngoro, yale mashamba yetu ya mashimo mashimo, ambayo matuta yake yamefumana kama wavu na mvua ikinyesha maji yanatuama humo badala ya kushuka na udongo. Wageni wanayapenda. Wanasimama juu ya kilima wanapiga picha, wanauliza nani aliwafundisha, tunasema hakuna, tumezaliwa tukayakuta, wanafurahi wanaandika. Kutoka hapo wanapelekwa daraja la juu kuchukua maji kwenye vichupa, kwa sababu pale pana kivuli na nafasi ya kuegesha magari. Kutoka hapo wanakula. Kesho yake wanashuka ziwani.

Sasa sisi kwetu mgeni akishatangazwa, unafagia. Hufagii kwako tu, unafagia njia nzima atakayopita, mpaka mbele ya nyumba ya mtu mliyenuniana. Kabla ya ziara ya kwanza Mzee Longini alisimama kwenye mkutano akasema mtambo uzimwe siku mbili, ili wageni wasile huku wananusa, na kahawa ya siku hizo ibaki kwa wenyewe. Hakuna aliyeona kwamba ni uongo. Hata mimi sikuona. Ilikuwa sawa na kutoa ndoo ya taka uani mtu anapobisha hodi. Akasema pia wanawake tupitie kijito kutoka kwenye mtambo mpaka kivukoni. Tukaenda, na fagio za uani na matawi, tukatoa povu, tukabandua maganda yaliyokauka kwenye mawe. Nilifagia kijito. Naliandika neno hilo nione linavyofanana. Niliinama kwenye yale maji, mtoto mgongoni ana upele, nikasugua mawe yang'ae kwa ajili ya watu waliokuja kuangalia kama ni machafu. Na nilikuwa naimba, kwa sababu wote tulikuwa tunaimba.

Hasira yangu haikuanzia hospitali kama watu wanavyodhani. Ilianzia kwenye birika la chai, ziara ya pili. Safari ile walikuja na maofisa wa ng'ambo ya ziwa, na nilikuwa nazunguka meza nikimimina. Mwanasheria mmoja wa wizara, Bi Zuhura, mama wa pwani mwenye miwani ya kamba, alikuwa anawasimulia wenzake wa kwetu kwa sauti ya chini jinsi walivyopelekwa ng'ambo kuona bomba la maji taka la kiwanda. "Tukasimama, tukaelezwa, tukaandika," anasema, "natoka pale nashika ukingo wa bomba, rangi yote imebaki kiganjani. Limepakwa asubuhi ile ile." Wakacheka sana, na nikacheka na mimi, nikaenda jikoni nikicheka. Mama Kandida akaniuliza kuna nini. Nilipofungua mdomo kumsimulia, kicheko kikaniisha, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na fagio zetu zimeegemea ukuta, bado zimelowa.

Wiki tatu baadaye Blandina alilazwa hospitali ya Mbinga siku tatu, na dripu kwenye mguu kwa sababu mikononi mshipa ulikuwa hauonekani. Wodini kitanda kimoja tulikuwa mama wawili. Mwenzangu, wa kijiji kingine chenye mtambo kama wetu, alikuwa ananifariji kwamba ni ya kahawa hiyo, msimu ukiisha na yenyewe inaisha, alizungumza kama mtu anayezungumzia baridi ya mwezi wa sita. Nilimwangalia yule mama akivunja ndizi na kunipa nusu, mwema kabisa, nikatamani kumpiga. Niliporudi nyumbani nilikuta tangazo la ziara ya tatu na jina langu kwenye orodha ya wapishi: Mama Blandina, maji ya kunywa, kutoka juu. Hizo ndizo ndoo nne. Na lililoniuma kuliko yote, nilipotoka mle ofisini na upawa wangu, ni kwamba hata ningekimbia kivukoni nikawaletea jagi, wangeliona lina maji ya kawaida. Mtambo ulikuwa umezimwa tangu juzi. Tulikuwa tumefagia.

Jikoni Mama Kandida alinipokea kama nilivyotegemea. Alitaka kujua kama nimelogwa au nimekunywa, na nani atakuja tena kututembelea tukishajulikana kama kijiji cha wanawake wanaobwata mezani. Wengine walikuwa wanaosha sahani kwa kelele kuliko kawaida. Ndipo Bi Zuhura akaingia, ameinama kwa ajili ya moshi. Aliwaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, akakataa kiti alicholetewa mbio, akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, na kuniuliza swali ambalo mwaka mzima hakuna aliyeniuliza, "Hayo maji yanachafuka saa ngapi?" Nikamwambia ni asubuhi, nikifika kivukoni yameshabadilika, saa kamili siijui. Akauliza mtoto, aliyekuwa amelala pale jikoni, ana umri gani, akamtazama mgongo, akamfunika tena. Halafu akasema, "Mdogo wangu, mimi nakuamini. Lakini maneno ya jikoni hayapandi kwenye ripoti. Kesho tunashuka Mbaha, kule ziwani, nafasi kwenye gari ipo. Njoo usikie tunachokiandika."

Nilikwenda, Blandina mapajani, na mfuko wa nguo zake za kubadili. Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule, madirisha wazi, upepo wa ziwani unaingia na harufu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa nje kwenye vichanja. Kilichonichekesha ni wakalimani. Walikuwa wameletwa wawili, wamevaa vizuri, lakini wenyeji wa pale ni Wanyasa, na watu wa ng'ambo lugha yao karibu ni ile ile, kwa hiyo wapishi na maofisa wa nchi nyingine wakawa wanaulizana habari za shangazi zao huku wakalimani wanasinzia. Mchana tulikula ugali na usipa wa kukaangwa kwa nyanya na pilipili. Mama mmoja wa pale aliposikia nimetoka milimani alisema, "Kumbe ninyi ndio mnaotuletea kila kitu mto ukijaa," akaniongezea usipa hata hivyo. Baada ya chakula Bi Zuhura aligawa karatasi, na moja akaiweka mbele yangu kama vile na mimi nilikuwa nimealikwa. Ilikuwa rasimu, jedwali la safu mbili: kushoto sheria na kanuni zetu zinasemaje, kulia viwango vya pamoja vinataka nini. Nimeishia kidato cha nne, matokeo yangu simwonyeshi mtu, lakini kusoma najua. Nilisoma mstari kwa mstari huku mtoto anavuta karatasi. Nikafika palipoandikwa mahali na wakati wa kupima maji. Kulia wameandika chini ya mtambo, wakati mtambo unafanya kazi. Kushoto hakuna kitu.

Nikamvuta Bi Zuhura mkono. "Hapa mbona patupu?"

"Patupu kwa sababu hatuna kisa cha kuweka," akasema. "Nikipendekeza, wakubwa wataniuliza tatizo liko wapi, na kila tulikopita maji ni safi. Niletee barua. Ipeleke halmashauri, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala yake unitumie mimi. Hiyo hata mtu akitaka kuiruka, hawezi."

Nilirudi nyumbani na ile karatasi imekunjwa kwenye kanga. Mume wangu alikuwa ameshaitwa na Mzee Longini, ameshaambiwa amfunge mke wake mdomo kama bado anaitaka kazi. Alikaa siku mbili bila kusema nami zaidi ya chumvi iko wapi. Nami sikumbembeleza, nilikuwa na hasira za kunitosha. Siku ya tatu tunakula maharage, Blandina amelala kwenye mkeka kati yetu, akasema akiwa ameangalia sahani, "Tunafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukishaosha. Andika hivyo, usiandike asubuhi tu." Nikasimamisha tonge. Akaendelea, "Na andika kuna mashimo mawili ya kupokea maji ya kahawa yapo kwenye mchoro wa mtambo. Nimeuona. Hayajachimbwa." Akatikisa kichwa, akaanza kucheka peke yake. "Mlima mzima tumeuchimba mashimo, watu wanatoka mbali kuja kutupiga picha. Mawili ndiyo yametushinda." Nilimpenda upya siku ile, naandika bila aibu. Na nisimnyime marehemu haki yake: msimu uliofuata aliyefika wa kwanza pale na jembe alikuwa Mzee Longini mwenyewe, hajasemeshwa, hasemeshi mtu, na mashimo yale aliyapima kwa kamba yakawa na kingo kama za sanduku. Bado kuna asubuhi yanafurika, na asubuhi hizo mimi nipo ofisini kabla ya mwenye ofisi.

Barua niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa inaomba radhi tangu juu mpaka chini, hiyo niliwashia moto. Ya nne niliipeleka Mbinga mwenyewe, siku ya Jumatatu, nimevaa gauni la kanisani. Dada wa masjala aliisoma yote amesimama, akaniangalia, akauliza nani kaniandikia. Nikamwambia ni mimi. Akasema barua za namna hii huwa zinapitia kwanza kwa viongozi wa kijiji. Nikamwambia viongozi wa kijiji ndio walionipa fagio. Hakunielewa, lakini foleni ilikuwa ndefu, akachukua muhuri akagonga. Nikamsogezea nakala. Akasema ya nini tena. Nikasema gonga na hii, sitoki. Akagonga. Nakala hiyo ninayo, muhuri umekaa mshazari juu ya neno la mwisho. Jina langu na la kijiji nayaacha, mengine ni kama yalivyo.

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJI YA KIVUKO CHA CHINI NA NAMNA YANAVYOKAGULIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa kahawa na mama wa mtoto mmoja. Nateka maji kivuko cha chini, chini ya mtambo wa kumenya kahawa. Katika msimu maji ya kuoshea kahawa hufunguliwa kuingia kijitoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtoto wangu ameugua tumbo na ngozi msimu wote na amelazwa siku tatu. Kadi yake nimeambatanisha.

Maofisa wamekuja mara tatu mwaka huu kukagua ili waandike sheria. Mara zote walichukua maji daraja la juu, ambako mtambo haujayafikia, na mara zote mtambo ulikuwa umezimwa kwa sababu ya ugeni. Kwa hiyo vichupa vyenu havina maji yetu. Nakiri kwamba na mimi nilisafisha kijito kabla hamjafika.

Siombi mtambo ufungwe. Naishi kwa huo mtambo. Naomba mashimo mawili yaliyo kwenye mchoro yachimbwe, na maji yapimwe kivuko cha chini wakati mtambo unafanya kazi.

Mwisho, naomba mkija msitutaarifu. Tukijua mnakuja tutafagia, na mimi nitakuwa wa kwanza kushika fagio, ndivyo tulivyolelewa. Mje tu. Chakula nitawapikia, ila safari hii nitateka maji karibu na nyumbani.